Barua Asizosoma Shangazi

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

Salamu zikufikie ukiwa na afya njema. Huku tuko wazima, ila macho yangu usiyaulize. Sasa hata dirisha nalijua kwa joto la jua tu. Anayeandika hapa ni Shangazi yako. Mimi nasema, yeye anapiga herufi kwa kidole kimoja. (Viwili! – Shangazi)

Ile programu ya kunisomea yaliyo kwenye skrini imenyamaza. Fundi wa kompyuta anasema ilikuwa ya majaribio na muda wake umekwisha, na ya kununua bei yake haishikiki. Alitaka kuniwekea ya wizi, nikakataa. Nimepiga chapa hukumu za mahakama mpaka nikastaafu, siwezi kuanza wizi uzeeni. Basi nimerudi kusomewa na kuandikiwa, na dada yangu huyu namshukuru, hachoki.

(Sichoki hata kidogo. Mama mkwe wako mtarajiwa nimemwambia kikohozi chako kimepona, alifurahi sana. Ukumbi wa harusi nimeshaupata, wa mwezi wa nane. Kijana kama yule sikumpata kirahisi, ujue. – Shangazi)

Tuandikie, mama.

Baba yako

17 Machi

Baba yangu mpendwa, na Shangazi,

Shikamooni nyote. Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha kweli, na kazi inaendelea. Mchumba hajambo.

Baba, usihangaike tena na programu za majaribio. Hapa chuoni, kwenye chumba cha kompyuta ninachokihudumia, tunatumia programu huria. Kuna watu wanaziandika kisha wanaziachia wazi. Yeyote anachukua, anatumia, hata kuzirekebisha akijua. Kwa hiyo hutakuwa mwizi. Fundi nimemtumia kifurushi chenye flashi. Ndani kuna Linux itakayoendesha kompyuta yote, LibreOffice ya kuandikia, Thunderbird ya barua pepe, na Orca, ambayo ndiyo itakusomea skrini kwa sauti. Mwanafunzi wetu mmoja asiyeona anaitumia kwa masomo yake yote, na ananishinda kasi. Haina siku ya kukwisha.

Kwenye kifurushi kuna hedifoni pia. Zivae, Baba, ili sauti isimsumbue Shangazi akipumzika. Na neno la siri la barua pepe lichague mwenyewe. Usimtajie mtu, hata mimi.

Binti yako

9 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na leo hiyo "sijambo" nimeiandika mwenyewe kwa vidole vyangu. Ukiona herufi imekosewa, jua ni ya kwangu, na uifurahie kama mimi ninavyoifurahia.

Fundi alitoka jasho. Mara ya kwanza ile sauti ilinisomea Kiswahili kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi hiyo, sikuambulia kitu. Akahangaika mpaka akagundua lugha ilikuwa haijabadilishwa. Sasa inatamka vizuri, ingawa kwa ukavu wa karani anayesubiri kwenda kula. Mimi sijali. Vidole vyangu havijasahau kibodi hata kidogo. Siku ya kwanza niliandika ukurasa mzima wa upuuzi, nikausikiliza, nikacheka peke yangu mpaka Shangazi yako akaja kuniangalia kama ni mzima. Asante sana, mwanangu. Sijui niseme nini zaidi ya asante. Fundi naye amevutiwa, ameweka Linux kwenye kompyuta ya dukani kwake.

Sasa sikiliza. Juzi nilizifungua barua zako zote za mwaka huu, nikazisoma upya. Shangazi yako akisoma anatia na furaha yake, hata nukta anaichekea. Mashine haitii kitu. Nikasikia, "Mchumba hajambo." Barua inayofuata, "Mchumba hajambo." Na inayofuata. Maneno mawili tu, kila mara, na hapo hapo unahamia kwenye jambo lingine. Wewe ambaye uliwahi kuandika ukurasa mzima juu ya paka wa mlinzi wa chuo!

Nimevaa hedifoni. Hapa tuko wawili tu. Niambie.

Baba yako

30 Mei

Baba,

Shikamoo. Naomba afya yako iwe njema, na unisamehe kwa kimya hiki. Barua yako niliifungua kazini, nikaifunga, na tangu hapo nimeianza hii na kuifuta mara nyingi.

Alinipiga, Baba. Mwezi wa kwanza, nje ya duka la viatu, kwa sababu nilicheka alipopotea njia. Akaomba msamaha, nikasamehe. Mwezi wa nne akanipiga tena, na safari hiyo hakuomba.

Sikuweza kuyaandika haya nikijua yatatoka kinywani mwa Shangazi. Yeye ndiye aliyemleta, tena kwa moyo mweupe, na amekwisha kuwatangazia watu wote. Ningemwaibishaje? Nikawa naandika kwamba hajambo.

Sitaki kuolewa naye. Naogopa kwa sababu ukumbi umepatikana na watu wamealikwa. Zaidi ya yote naogopa ukiniambia nivumilie. Shangazi usimwambie sababu kwanza, tafadhali.

Binti yako

1 Juni

Mwanangu, kipande changu,

Sikuulizi hali, nimeisikia. Ile sauti ilisoma "alinipiga" vile vile inavyosoma tarehe, kisha ikaendelea na sentensi inayofuata kama hakuna lililotokea. Nikairudisha nyuma, nikadhani imekosea. Nililia, mama. Shangazi akauliza kuna nini, nikamwambia macho yanawasha.

Harusi haipo. Leo asubuhi nimempigia simu baba wa kijana yule mimi mwenyewe, nikamwambia hivyo kwa upole. Akataka sababu. Nikamwambia amuulize mwanawe. Shangazi yako nimemwambia harusi imevunjika na sababu ni yangu na binti yangu. Amenuna, haongei, jambo ambalo nyumba hii haijawahi kuliona, ila chai ananiletea na sukari haijapungua. Siri za watu nimezipiga chapa maisha yangu yote na hata marehemu mama yako sikumtajia moja. Yako itakaa. Siku utakayotaka Shangazi aijue, utamwambia mwenyewe.

Uvumilie, ulidhani nitasema hivyo? Sikukulea uvumilie kupigwa. Ukitaka kuja nyumbani, chumba chako kipo. Ukitaka kubaki na kazi yako, baki, mimi nitakuwa nakusoma kila siku.

Jambo moja nakuomba. Wale watu walioandika hii programu ya kusoma, wasionijua wala kunidai kitu, watafutie anwani yao, uwatafsirie maneno haya. Mambo yetu usiwaeleze. Waambie tu kuna mzee mmoja asiyeona anawashukuru sana, kwa sababu amemsikia mtoto wake kwa wakati.

Baba yako