Mvua ya Kwenye Mfuniko

Ijumaa, Ibadakuli. Joto tangu alfajiri, na mawingu yamenuna kama wakwe walionyimwa kuku.

Mimi nasema, mjukuu wangu Nkwimba anaandika kwenye simu. Shule sikuiona. Mdomo ninao.

Zamani mvua ya kwanza ilikuwa sikukuu. Mama yangu alitutoa nje sote, uchi kama tulivyozaliwa, tulowe tukue kama mtama. Mitungi ilipangwa chini ya paa la nyasi, na maji yalinukia moshi. Hadi leo nikinusa moshi uliolowa, namwona mama.

Kabula, mdogo wake Nkwimba, akisikia harufu ya mvua tu anaingia uvunguni. Baba yao, mwanangu, alifia Geita, mvua ilipojaza duara, shimo walilokuwa wakichimba dhahabu. Tangu hapo watoto wa jirani, wajinga wale, humwambia: "Wewe si Kabula, mtoto wa mvua? Basi wewe ndiye uliyeiita!"

Jina nilimpa mimi, maana alizaliwa mvua ikinyesha. Sasa halitaki. Ukimwita haitiki.

Inaniuma mpaka kwenye mifupa.

Leo Nkwimba akasema atamwonyesha mvua inavyotengenezwa: glasi ya maji ya moto, juu yake sahani, juu ya sahani barafu. Tukanunua barafu kwa jirani, zile za ubuyu za kwenye vifuko. Nilipogeuka kutafuta glasi, wameshazinyonya. Midomo myekundu, mtu na dada yake.

"Wingu langu mmelila, mafisi nyie!"

Nikabandika sufuria, nikaifunika kwa mfuniko niliouchovya kwenye maji baridi ya mtungi. Ilipochemka nikaufunua. Matone yamejaa chini yake, yakamdondokea Kabula mkononi.

Miaka yote nimechemsha maji, sikuwahi kuona kwamba mfuniko ni mbingu.

"Hii nani kaiita?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Hakuna. Ni moto, Bibi."

"Basi! Na ile ya juu ni jua linavyopasha ziwa, malambo, hata nguo tulizoanika. Mvua haina masikio, mayu wangu. Ingekuwa nayo, kwa matusi niliyoitukana mimi ingeshahama."

Akacheka. Hajacheka hivyo tangu msiba.

Alasiri ikanyesha kweli. Sikumwita mtu. Nikatoka na ndoo kukinga maji. Paa ni la bati siku hizi, halinukii chochote. Nikamkumbuka mwanangu. Naye nilimtoa nje hivi hivi, akalowa, akakua.

Nilipogeuka, mtoto amesimama mlangoni, sufuria mkononi. Akabaki hapo kitambo. Kisha akatoka, akaitega karibu na ndoo yangu, maji yakimtiririka usoni.

"Kabula," nikaita.

"Abee, Bibi."

Nkwimba, andika hivyo hivyo. Kaitika.

Kesho uji tutaupika kwa maji yake.