Video ya Violeth Ilivyogeuzwa Mlali

Chang'ombe, Dodoma
Jumapili, 13 Julai 2025

Mpendwa dada yangu Yudith,

Shikamoo. Anayekuandikia ni mdogo wako Yotham, mtu aliyeufanya mji huu uwe mji. Wapo wanaosema Dodoma imekuzwa na serikali. Waongo hao. Mimi nilitoka kijijini kwetu Mlali mwaka tisini na nane na sindano yangu ya kushonea viatu, nikakaa hapa Chang'ombe. Serikali ikatafakari wee, ikaona haiwezi kuishi mbali nami, ikanifuata na mafaili yake yote.

Habari za Newala? Goti lako je, linakubali kupiga magoti kanisani au bado linabagua sala? Na shemeji Marko, kile kikohozi cha msimu wa kupulizia mikorosho kimempisha? Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu si ya mchezo. Chai ukiimimina, ikifika kikombeni inaomba koti.

Najua utasema si angepiga simu. Dada, simu ina tabia ya kukatika mtu akifika kwenye sifa zake. Barua haikatiki. Nimempa jirani yangu Nurdini anayekuja huko, pamoja na karanga za Mlali.

Sasa mwanao Violeth. Ile kazi yao ya mwisho chuoni, ya kutengeneza video ya wimbo, ndiyo iliyokunyima usingizi tangu Mei, maana ikikataliwa mtoto anarudia mwaka mzima. Lala sasa, dada. Lala mpaka ukorome. Ila kwanza nikueleze tulikopita.

Walikuwa watatu. Violeth mwongozaji, binti mmoja anaitwa Joha mshika kamera, na Fredy mwimbaji, kijana mrefu kama mlingoti. Wimbo ni wa Fredy mwenyewe: anamwomba msichana amsubiri mpaka apate kazi. Basi wakaazima gari jeupe, Fredy akavaa miwani myeusi, wakapiga picha siku mbili mbele ya geti la nyumba ya watu. Mwalimu wao, Respicius, akaitazama nusu, akaisimamisha. Akasema, "Hii nimeiona mwaka jana, na mwaka juzi pia. Watu wengine, gari lile lile."

Zilibaki siku tisa kazi ionyeshwe. Mtoto alirudi nyumbani kwangu hakula. Ugali ulipoa mezani, na mimi nikashindwa kumeza wangu, jambo ambalo halijapata kutokea tangu nizaliwe.

Nikampeleka Mlali kwa wifi yako Dorothea, mjane wa kaka yetu. Si unakumbuka anavyoipiga muheme, ngoma yetu ya Kigogo? Wale akina mama wakizibana ngoma mapajani wakaanza, hata kuku anatembea kwa mapigo. Violeth alikubali, lakini alitaka tu vipande viwili vitatu vya ngoma, avichomeke mwishoni baada ya gari.

Wenzake nao walikuja; Fredy akashuka kwenye basi na miwani yake. Dorothea akamzunguka mara mbili. "Mwanangu, unamwomba mtoto wa watu akusubiri huku umefunika macho? Atajuaje anamsubiri mchumba au fundi wa kuchomelea mageti?" Akina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Unajua ngoma haipigwi ikiwa baridi, lazima ngozi ipate moto kwanza. Moto niliuwasha mimi. Dada, moto ule nadhani Kongwa mjini waliuona wakadhani jua limeongezewa mwenzake. Dorothea akapiga kelele, "Shemeji! Tunapasha ngoma au tunachoma mbuzi?" Zikasogezwa nyuma, ikabidi kungoja.

Wakangoja. Mmoja anamenya karanga. Mwingine anaigonga ngozi kwa kidole, anainamisha sikio, anatikisa kichwa, anairudisha kwenye moto. Dorothea ameshika tama, anaitazama njia kama vile anayekuja anamjua. Kumbe Joha hakuzima kamera.

Walipokuja kuziangalia zile picha, Violeth alizirudisha mwanzo akazitazama tena. Kisha akasema, "Gari tunalitoa lote."

Fredy akaruka. "Lote? Da Violeth, siku mbili nzima zile! Mama ameshaliambia kanisa zima kwamba naendesha!"

"Wimbo wako unasema nisubiri. Wanaosubiri ni hawa. Wewe ndani ya gari unasubiri nini, mafuta?"

Kijana akavua miwani. Kesho yake walianza upya. Fredy kakaa kwenye kigoda katikati ya akina mama, anaimba polepole, na ngoma hazilii. Zinagongwa tu kwa kidole, zinarudishwa motoni. Mpaka ubeti wa mwisho, ngozi imeiva, Dorothea anaishusha mikono, na muheme inaingia yote kwa pamoja! Nilitikisa kichwa changu kukubali, na kichwa hiki kikitikiswa ujue jambo limepita.

Ijumaa video za darasa zikaonyeshwa ukumbini chuoni, ndugu wote tumealikwa. Wimbo wa Fredy ukaanza. Ngoma zilipoingia, dada, makofi yalilipuka mpaka madirisha yakatetemeka. Vigelegele vya Dorothea vilipaa juu ya vyote. Nikasikia sauti ya Mwalimu Respicius, "Irudieni! Irudieni tangu mwanzo!" Violeth ameongoza darasa lote. Joho atalivaa, na wewe uanze kutafuta kitenge.

Msalimie shemeji Marko. Erica na Ebenezer waambie dada yao amewatengenezea jina, wasilichafue. Mungu alipoze goti lako, na akupe miaka ya kuzisikia sifa zangu zote.

Ndugu yako akupendaye daima,
Yotham

Nimeshasaini, ila karatasi imebaki, na hili usimsomee Marko. Violeth alipoitwa jina lake tu, nikawa mtoto mdogo kwa woga. Nilikimbilia chooni. Yote ya ukumbini niliyokusimulia niliyasikia kupitia kidirisha, nimeshika komeo kwa mikono miwili. Video yenyewe sijaiona hadi leo. Kila Violeth akitaka kunionyesha namjibu nimeshaiona, na sasa sijui nimwombeje.