Mchanga Tunaoujua

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Huko Mutomo mvua imenyesha, ama bado? Mumbua akusomee hii polepole, asiruke mahali.

Hapa Mombasa kazi yetu melini ni kupima sakafu ya bahari kwa sauti. Mashine inatuma sauti chini. Mwamba unairudisha kwa nguvu, tope linaimeza. Lakini mashine nayo hubadilika, kwa hivyo kila asubuhi tunapita kwanza juu ya mchanga uleule tunaoujua. Jibu likitofautiana na la jana, hatulaumu mchanga, tunarekebisha mashine.

Jana tulivuta kiasi cha mchanga huo juu tuuhakikishe. Ulipomwagwa kwenye karai, nikajikuta nimepiga magoti, nachimba kwa mkono kama unavyochimba wewe mtoni wakati wa kiangazi. Nikatoa maji ya kwanza yenye tope, nikangoja yajae mengine safi, nikateka kwa kiganja, nikanywa. Chumvi tupu! Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini.

"Mutua, kwani kwenu hakuna maji?" nahodha akaniuliza.

"Yako," nikamwambia, "lakini yako chini ya mchanga."

Kanisani waniombee, na Mungu akutunzie hayo magoti. Kama mvua bado, na itabidi uchimbe tena, tafadhali chimba palepale pa mwaka jana. Nikishuka nitapitia mtoni kabla ya nyumbani, na sitaki kuuliza mtu wewe uko wapi.

Mwanao,
Mutua