Akaunti ya Farasi

Jumanne, 2 Septemba
Vitamu vya tui mia tatu, oda ya mtu mmoja! Kijana mpole, ameandika kwa simu kwamba mdogo wake anaingia utawa. Kalipa hata sijawasha jiko — ila kazidisha baht elfu arobaini. "Samahani shangazi, kidole kimeteleza. Iliyozidi mtumie mama yangu," akanipa namba. Kukaa na pesa ya watu ni aibu, nikaiingiza. Jina lililotokea ni la mwanamume, Thanakorn. Nikasita. Kisha nikajisemea, ya familia za watu hayanihusu, nikatuma.

Ijumaa, 5 Septemba
Hakuja kuchukua. Hapatikani. Vitamu nimegawa soko zima, vilivyobaki vimechacha. Leo nataka kumlipa muuza nazi, simu inakataa — akaunti imefungwa. Nikakimbilia benki. Binti mmoja wa dirishani akashusha sauti: ile pesa imeibwa kwa mwalimu mstaafu wa Lampang, ikapitia kwangu. Akaunti yangu sasa inaitwa ya farasi, maana imebeba mzigo wa wezi. Nimemwambia mimi ni muuza vitamu. Akasema wote husema hivyo.

Jumatatu, 8 Septemba
Prayong wa mishikaki, kibanda cha pili, kaniuliza mbele ya wateja: "Dada Orathai, leo umekula nyasi?" Wamecheka. Alikuwa anatania, najua, lakini wawili waliokuwa wanataka kulipa kwa simu wakazirudisha mfukoni. Nimetundika kipande cha boksi kimeandikwa: PESA MKONONI TU. Siku hizi nani anatembea na pesa mkononi? Pakiti tatu kutwa nzima. Nimelia nikijifanya moshi umeniingia machoni.

Jumatano, 10 Septemba
Wito wa polisi. Lampang, keshokutwa. Nikishindwa kujieleza nashtakiwa pamoja na wezi. Afisa kwenye simu kauliza nina ushahidi gani. Ujumbe wote yule kijana kaufuta. Nikamwambia nina daftari ninaloandika kila siku. "Lilete, mama. Linaweza kukuokoa."
Nimefurahi mpaka niliposoma tena ukurasa wa Jumanne ile. Unaonyesha alivyonidanganya, wazi kabisa. Na chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe: nikasita.
Nikiuchana, sina ushahidi. Nikiuacha, unasema nilijua kuna kitu na nikatuma. Nifanye nini mimi?

Ijumaa, 12 Septemba
Benchi la kituo, Lampang. Ukurasa upo. Wembe wa kukatia karatasi nao upo mkobani, sijui kwa nini nimeubeba.
Pembeni yangu kakaa bibi mmoja na mfuko wa matunda ya longani. Kanimenyea moja hata jina hajaniuliza. Ndiye mwalimu aliyeibiwa, anaitwa Samruai. Kaanza kunisimulia mwenyewe: "Aliyenipigia simu aliniambia yeye ni polisi. Nilishuku, mwanangu. Nikatuma hivyo hivyo. Pesa yangu ya mazishi, yote. Usiku silali kwa sababu ya kule kushuku, kuliko hata hiyo pesa. Na wewe wamekuibia?"
Nimeitikia kwa kichwa tu.
Afisa kaita jina langu, lote, kwa sauti. Mwalimu kageuka. Jina hilo liko kwenye risiti yake ya kutuma ile pesa. Longani zimemwagika sakafuni na hakuna anayeziokota.
Kaniuliza polepole, bila hasira: "Na wewe hukushuku?"
Afisa kanyoosha mkono anataka daftari. Nimemwomba dakika moja nimalizie mstari huu: nilishuku.