Kiongozi wa Kundi la Hesabu

Jumapili, 1 Septemba 2024

Nimechora ratiba ya marudio. Rula, peni za rangi, madoido yote. Baiolojia Jumatatu, Kemia Jumanne... Hesabu nikaiweka mwisho, kisha nikaiweka kila siku, kisha nikaifuta. Karatasi imechanika hapo nilipofuta.

Mwaka jana angeipanga kaka. Alikuwa chuo cha ualimu, na kila Jumapili alinipigia kwenye simu ya matroni, ananisomea maswali ya hesabu. Sheria yake ilikuwa moja: kabla hujaangalia majibu, jipe maksi mwenyewe. Andika pembeni unadhani umepata ngapi. Ndipo usahihishe. Ile tofauti, alikuwa anasema, ndiyo kitu cha kusoma wiki hii.

Juni akapata ajali ya pikipiki. Hakufika hospitali.

Leo simu ya matroni imelia mchana kutwa. Za wengine.

Jumatano, 11 Septemba

Mwalimu Patrisi kagawa makundi ya hesabu. Kiongozi wa kundi letu ni yule kijana wa Ololosokwan, anayeshika namba moja darasani. Bahati yako! kasema Germana. Bahati gani? Kijana ana jina la kaka. Lile lile.

Kwetu Endulen, aliyefariki jina lake halitajwi tena. Tangu azikwe hakuna aliyelitamka nyumbani, hata baba. Germana ni Mwiraqw wa hapa hapa Karatu, tunalala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, na jambo hili halimwingii kabisa. Kwao babu yake anatajwa kanisani kila mwaka na watu wanafurahi. Sikuwa na nguvu za kubishana.

Kundini nimemwita kijana "wewe". Wewe, hapo umepataje? Wewe, rudia. Mwishowe kaniuliza nina tatizo gani na yeye. Nikabeba vitabu vyangu nikatoka. Sasa eti nina maringo!

Ijumaa, 27 Septemba

Peke yangu maktaba na pepa ya zamani. Nimejipa arobaini na nane. Nimesahihisha — ishirini na moja! Kaka angecheka. Hapana, asingecheka. Angesema tu: haya, tuanze na la kwanza.

Nimepitia topiki zote. Najua, nusu, sijui. Duara: sijui. Vektori: sijui. Peni imeandika sijui mpaka nikaichukia peni.

Baba alishasema, nikifeli narudi nyumbani moja kwa moja, maana aliyekuwa ananitetea hayupo. Hakusema kwa ukali. Angefoka ningepata pa kumjibia.

Jumapili, 6 Oktoba. Endulen

Ruhusa ya mwisho kabla ya mitihani. Heri nisingekuja.

Jana asubuhi nimekaa nje na swali la duara. Mama yuko pembeni anafukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto. Ghafla jibu likatoka! Nikaangalia nyuma ya kitabu — kweli, ni lenyewe. Nikaruka, nikaita jina la kaka kwa sauti, njoo uone, nimepata! Kama likizo zote nilivyokuwa namwita.

Kijinga kikamwanguka mama. Hakunigombeza. Kaweka kibuyu chini, kaenda kwenye boma la ndama. Ndama walishakwenda malishoni. Akasimama humo, boma tupu, hadi jua likawa kali.

Baba alirudi ameshasikia. Kasema taratibu: kama hayo masomo yanaita waliokwenda, yaache huko huko Karatu. Jioni mama kanipa maziwa bila kunitazama.

Nina aibu. Na namkumbuka kaka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Germana kamwambia yule kijana kila kitu. Bila kuniuliza! Nilikaribia kumpiga kofi.

Kijana kanifuata bombani nafua. Hakucheka. Kasema hata kwao, babu yake alipofariki, binamu yake aliyerithi jina alibadilishwa akaitwa lingine. Kwa nini sikusema mapema, kwani yeye mgeni? Basi nimwite Kiongozi, imetosha. Kageuza ndoo kakalia. Swali gani linanisumbua?

Yote, nikamwambia.

"Haya," kasema, "tuanze na la kwanza."

Nikaenda kuanika. Nimeanika soksi moja muda mrefu sana, nimempa mgongo.

Jumatano, 30 Oktoba

Msuli wa kusoma kila siku na kundi. Duara sasa najua. Vektori nusu.

Leo nimejipa arobaini, nimepata thelathini na nane. Tofauti ndogo hivyo, haijawahi kutokea! Kiongozi kapiga makofi. Mimi nikatazama dirisha la matroni, kumbe nasubiri simu. Kaniuliza mbona nalia. Nimesema vumbi.

Jumapili, 10 Novemba

Mitihani inaanza kesho. Na mama kaja!

Hajawahi kufika hapa shuleni. Katoka Endulen na kibuyu chake cha maziwa, kakaa kwenye ngazi za bweni kama mtu aliyekuja kushtakiwa. Tangu siku ile hatujazungumza. Kauliza kama nakula. Kauliza kama nalala. Halafu, macho chini: sasa nani anakusahihishia?

Hakumtaja. Lakini ilikuwa ni yeye tunayemsema, wote wawili, mara ya kwanza tangu Juni. Nikasema kuna mwanafunzi mmoja wa Ololosokwan. Mama kasema angependa kumsalimia.

Sikuwa nimefikiria mbali! Kiongozi huyo akatokea na pepa zetu mkononi, kamwona mzazi, kaja kuinamisha kichwa kama inavyopasa. Mama kaweka mkono kichwani kwake. Kamuuliza mifugo yao, mvua yao, ukoo wao. Kajibu vizuri yote, bado ameinama. Mama kapenda, nimemjua usoni.

"Na wewe, mwanangu, unaitwa nani?"

Kijana kanigeuzia macho. Nikasema nakwenda kuleta kikombe. Nikakimbia!

Naandika nimesimama, kikombe kiko kitandani. Dirishani nawaona. Najipa jibu kabla ya kuangalia: atainuka. Ataondoka kama siku ile ya boma, na safari hii atakwenda hadi Endulen, na kesho nitaingia chumba cha mtihani hivyo.

Naangalia. Kiongozi kasema kitu. Kifupi, neno moja tu; kama ni jina lake au ni Kiongozi, hapa halisikiki.

Mama hajautoa mkono.