Diski Uliyoiandika "Mpya"

Kaka,

Huku hatujambo, na paka amezaa kabatini.

Ile kompyuta uliyotufungia sebuleni ya kuhifadhi picha na sauti za nyumbani inanitia kinyaa. Kunakili faili moja ni mwendo wa konokono. Nilipokupigia ulisema, "Mdogo wangu, mtandao wenu huo." Nikabadilisha waya, nikaitoa diski yake nikaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta yangu, konokono ni yuleyule. Fundi alipoipima alicheka: "Hii imeshatumika saa elfu arobaini!" Na nailoni uliyoifungia niliichana mimi, juu umeandika kwa mkono wako: MPYA.

Kefule! Umetuvalishia mtumba nailoni, nasi tukakuombea dua.

Usiniambie diski ni chuma tu. Humo ndimo nilimoweka sauti ya marehemu mama, aliyoirekodi wiki yake ya mwisho. Diski imekufa, na fundi ameokoa dakika nne tu. Mama anakohoa, anaomba maji, anauliza kama umepiga simu. Kisha anasema, "Mwambieni kaka yenu kwamba..." Baada ya hapo ni mkwaruzo mtupu.

Basi salamu za mama kwako nimezifikisha, kama ulivyozibakisha.

Mdogo wako