Marahaba ya Bibi

Manzese, Jumatano

Mie na miaka yangu ishirini na tatu, mtoto wa jirani kaniamkia shikamoo kama bibi kizee! Nikamjibu "Marahaba" kwa hasira, na kikohozi chake cha wiki nzima kikakatika hapo hapo. Mdomo wangu ukanuka karafuu maiti, kama sanda.

Marehemu Bibi ndivyo alivyokuwaga. Mgonjwa akimwamkia, yeye akiitikia, ugonjwa unatoka. Tumemzika Ijumaa. Kumbe kaniachia mie.

Sijui inafanyaje kazi. Kwa simu ingekubali? Kwa mtu aliyelala?

Magoti ya Mama yamevimba tangu matanga, nikamweleza.

"Nikuamkie wewe, niliyekuzaa mwenyewe? Ukome!"

Alasiri akaja jikoni ameshika ukuta, macho chini.

"Shikamoo."

"Marahaba, Mama."

Akaachia ukuta. Hakushukuru, hakunitazama usoni.

Chumvi ilipoisha hakunituma dukani kama kila siku. Kaifuata mwenyewe, anatembea kama msichana. Na mie nilikuwa nimeshavaa ndala.